Wadau wa Marekani: haya matangazo ya "toa gari lako bovu usaidie watoto" yana ukweli wowote?

#1 MlaMihogo
Wakuu habari za humu.

Niko Dallas, Texas. Nina kigari cha 2008, giaboksi imezima. Fundi kanitajia bei ya kuweka nyingine nikabaki nacheka, maana gari zima halifiki hapo. Sasa limekaa kwenye maegesho ya apatimenti, tairi moja limeshalala, na meneja kabandika karatasi ya rangi ya chungwa kiooni kwamba nisipoliondoa wanalivuta kwa gharama yangu.

Kila nikifungua redio nakutana na tangazo: toa gari lako, zima au bovu, tunalifuata bure hapo lilipo, unasaidia watoto na serikali inakupunguzia kodi. Jamaa mmoja kazini kaniapia kwamba ukilitoa unajaza mwenyewe thamani yake kwenye kodi, hata dola 3,000, na hakuna anayeuliza. Yadi ya chuma chakavu wananipa 350 taslimu na kulibeba wanalibeba wao.

Kwa akili yangu ya Kibongo, mtu akikwambia "tunalifuata bure" ujue kuna mahali analipwa. Wenye uzoefu mnifungue macho: hao watoto wanapata kitu kweli, au kuna wajanja wanapiga hela kwa mgongo wao?

#2 Kiroboto
Gari gani mkuu? Taja tujue.

#3 MlaMihogo
Sitaji. Wenye nalo humu ni wengi, watanivaa.

#4 Kiroboto
Basi nishalijua. Pole sana.

#5 Mama Twins wa Ohio
Mimi nilitoa. Ilikuwa van ya mume wangu, mlango wa pembeni haufungi, injini inagonga. Redio ya umma ya hapa kwetu wana mpango wa kupokea magari. Nikajaza fomu, wakaja kulichukua asubuhi, barua ya shukrani ikaja, baadaye ikaja karatasi nyingine kwamba limeuzwa mnadani. Nilichopenda ni kuepukana na wale wa mtandaoni wanaokuuliza "bei ya mwisho" kabla hata hawajaliona gari. Mleta mada, toa kwa roho nyeupe uendelee na maisha.

#6 Chuma Ulete
Mama Twins, liliuzwa bei gani?

#7 Mama Twins wa Ohio
Dola 425.

#8 Chuma Ulete
Na redio walibaki na ngapi hapo?

#9 Mama Twins wa Ohio
Sikuuliza. Kwani wewe ukitoa sadaka unaifuata mpaka jikoni?

#10 Mhasibu wa Mtaa
Naandaa hesabu za kodi za watu huku Houston. Ngoja niseme, maana huyo jamaa wa kazini atampeleka mtu pabaya.

Kujaza thamani unayoiota mwenyewe kulikuwa zamani. Sheria ilibadilishwa 2004, ikaanza kazi Januari 1, 2005. Tangu hapo, ukidai zaidi ya dola 500 na shirika likaliuza gari bila kulitumia wala kulifanyia matengenezo ya maana, unachoruhusiwa kukata ni kile kilichopatikana kwenye mauzo. Bei ya kwenye vitabu vya bei za magari sahau. Shirika linakutumia Fomu 1098-C ndani ya siku 30 tangu liliuze. Ina namba ya chasisi na bei ya mauzo. Nakala nyingine inakwenda IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa hiyo wakikaa kusoma makaratasi yako bei wanayo tayari. Kama limeuzwa 500 au chini yake, unaweza kudai thamani halisi ya soko, ila isivuke 500.

Halafu kuna hili linalowaponza wengi. Kato la hisani linamfaa yule anayeorodhesha makato yake moja moja. Wengi wetu tunachukua lile punguzo la jumla, ambalo kwa mwaka wa kodi 2025 ni dola 15,750 kwa asiye na ndoa na 31,500 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Kama huna mkopo mkubwa wa nyumba wala makato mengine mazito, gari la dola 400 halikusogezi hata hatua. Umetoa sadaka safi, faida ya kodi hakuna.

#11 Kiroboto
Kwa hiyo hata hizo 500 sirudishiwi?

#12 Mhasibu wa Mtaa
Hurudishiwi. 500 inapunguzwa kwenye kipato kinachotozwa kodi. Ukiwa unaorodhesha makato na uko daraja la kodi la asilimia 12, umeokoa si zaidi ya dola 60. Basi.

#13 Chuma Ulete
60 huku, 350 kule. Mods fungeni uzi.

#14 Ibnu Mrima
Usifungwe bado. Salaam kutoka Muscat. Naona mmeshaigeuza sadaka kuwa biashara. Aal Imran aya ya 92 inatuambia hatutaufikia wema mpaka tutoe katika vile tunavyovipenda. Mleta mada, hilo gari unalipenda? Kama unalitoa kwa sababu meneja kabandika karatasi, hapo unahamisha taka tu. Liuze, hiyo 350 itoe yote kwa mtu unayemjua ana shida. Hapo hakuna brekidauni, hakuna redio, hakuna fomu.

#15 Mama Twins wa Ohio
Ustadhi, ya kwako ni haki. Ila tuseme ukweli, nani humu atauza gari 350 halafu aitoe yote? Ikishaingia mfukoni imekwisha, kodi ya nyumba inaisubiri. Gari likiondoka lenyewe angalau limeondoka.

#16 Kiroboto
Mathayo 6 inasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Marekani wameongeza: ila IRS ijue.

#17 Dereva wa Brekidauni
Mimi ndiye ninayeyavuta hayo magari. New Jersey. Niwape picha, maana naona watu wanahukumu kwa hisia.

Shirika unalolisikia redioni mara nyingi halitaliona gari lako hata siku moja. Ile fomu inapokelewa na kampuni ya kati inayohudumia mashirika mengi kwa mpigo, nayo inatupa kazi sisi wa brekidauni. Nikifika naangalia namba ya chasisi pale chini ya kioo cha mbele kama inalingana na kadi. Naangalia sahihi iko mstari wake, maana watu wanasaini kwenye sehemu ya mnunuzi na hapo kadi imeharibika. Naomba ufunguo. Ufunguo ukikosekana bei imeshaanguka kabla sijashusha mnyororo. Nafungua boneti napiga picha, dashibodi ikiwaka nasoma maili, naondoka.

Yadini wanaandika kioo cha mbele kwa chaki ya nta: namba ya mnada, na linawaka au haliwaki. Lisilowaka linabebwa na fokolifti, zile chuma mbili zinapita chini ya milango, na yule dereva hajali kama jana yake ulilipiga wax. Siku ya mnada kila kitu mtandaoni, gari moja halimalizi dakika mbili. Wanunuzi wengine wako Sharjah, wengine Afrika Magharibi huko kwa magari ya usukani wa kushoto, wengine ni yadi za kukata vipuri.

Sasa toa hela yangu ya kuvuta. Toa ada ya mnada, toa mgao wa kampuni ya kati, toa hela ya matangazo. Kinachobaki ndicho cha watoto. Gari la dola 300 linaweza lisibakishe kitu cha kusimulia. Gari la 4,000 linabakisha hela ya maana, kwa sababu mimi kuvuta bei yangu ni ile ile. Kwa hiyo siuoni huo wizi mnaousema. Nachoona ni magari mabovu.

#18 Chuma Ulete
Dereva, wewe ni sehemu ya mnyororo, lazima uutetee. Mwaka 2003 wakaguzi wa Bunge la Marekani, GAO, walifuatilia magari 54 yaliyotolewa. Kwa theluthi mbili ya hayo magari, shirika liliambulia asilimia 5 au pungufu ya thamani aliyoidai mtoaji. Asilimia 5! Zingine zimekwenda wapi kama si kwenu?

#19 Mhasibu wa Mtaa
Chuma Ulete, ripoti ni hiyo, ila isome vizuri. Asilimia 5 inapimwa dhidi ya thamani *aliyoidai mtoaji* kwenye kodi. Mtu ana gari linaloliwa na kutu, anaandika dola 4,000 kwa sababu kitabu kimesema hivyo kwa gari zima, mnadani linauzwa 300, kwenye 300 wanakatana, shirika linapata 150. Hapo madalali wamekula, sawa. Lakini zile 3,700 hazikuliwa na mtu, hazikuwahi kuwepo. Aliyezitunga ni mtoaji ili akwepe kodi. Ndiyo maana Bunge lilipobadilisha sheria lilimbana mtoaji.

#20 Dereva wa Brekidauni
Asante Mhasibu.

#21 Chuma Ulete
Sawa, hapo nimekuelewa. Ila Kars4Kids je? Hao wana tangazo lenye wimbo kila mtu anaujua. Makao yao Lakewood, New Jersey, kwa jirani yetu Dereva. Sehemu kubwa ya fedha inakwenda kwa shirika ndugu linaloitwa Oorah, la elimu ya dini kwa watoto na familia za Kiyahudi. Kwenye tangazo hilo ungelijuaje? 2009 wanasheria wakuu wa Pennsylvania na Oregon waliwabana kuhusu matangazo wakafikia makubaliano. 2017 mwanasheria mkuu wa Minnesota akatoa ripoti kwamba katika fedha za magari ya watu wa jimbo lake, kilichowafikia watoto wa Minnesota hakikufika asilimia 1.

#22 Mama Twins wa Ohio
Kusomesha watoto wa Kiyahudi si dhambi jamani, hata sisi misikiti na makanisa yetu yanachangisha kwa ajili ya watoto wetu. Tatizo ni mtu wa Minnesota kudhani anamsaidia mtoto wa jirani.

#23 Chuma Ulete
Ndiyo hicho nakisema. Lugha ya "watoto" bila kusema watoto gani.

#24 Dereva wa Brekidauni
Mkitaka gari limfikie mtu lenyewe kama gari, tafuteni wanaotengeneza na kuwapa wenye shida. Maryland kuna Vehicles for Change, wapo tangu 1999, familia za kipato kidogo zinapata gari la kwendea kazini. Huku bila gari mtu hapati hata kibarua cha usiku.

#25 Mhasibu wa Mtaa
Na hapo kodi inakuwa nyingine. Gari likipewa au kuuzwa kwa bei ya chini sana kwa mhitaji, na ndiyo kazi ya shirika hilo, mtoaji anaruhusiwa thamani kamili ya soko. Shirika liandike hivyo kwenye 1098-C. Ila sidhani kama kuna anayetaka kumpa mama mwenye watoto watatu gari lenye giaboksi iliyokufa.

#26 Ngwena wa Nakuru
Sasa wadau, mbona mnahangaika na mnada wa wazungu? Huku Nakuru kuna makao ya watoto, mtoto akiugua usiku wanaita bodaboda. Wekeni hizo gari kwa kontena mtume nyumbani. Fundi wa Kenya hashindwi na giaboksi.

#27 Kizee cha Temeke
Ngwena, la 2008 Kenya haliingii, mwisho wenu miaka 8. Na usukani wa kushoto mnakubali magari maalumu tu, ya wagonjwa, zimamoto na mitambo. Ukilileta Bongo kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, ushuru wa bidhaa, na kwa umri wake wanakuongezea ule wa uchakavu. Hapo hujalipa meli wala bandari. Kwa gari lisilotembea! Ndiyo maana sisi tunaagiza Japani.

#28 Ngwena wa Nakuru
Si waombe msamaha wa ushuru? Ni ya watoto.

#29 Mhasibu wa Mtaa
Na akilituma moja kwa moja kwa kituo cha nje, kato la kodi la Marekani halipo. Lazima mpokeaji awe shirika la hisani lililotambuliwa huku. Misikiti na makanisa ya huku yanatambuliwa hata kama hayamo kwenye orodha ya IRS mtandaoni.

#30 Mwalimu wa Usa River
Wana jukwaa hamjambo. Nafanya kazi kituo cha watoto huku Arusha, huwa nasoma tu, leo niandike.

Msamaha wa ushuru upo kwa baadhi ya taasisi, una masharti yake na kufuatilia kwake. Na gari lililoingia kwa msamaha huwezi kuamka ukamuuzia mtu. Ukiliuza kwa asiyestahili msamaha, ushuru unafufuka.

Ila sisi shida yetu haikuwa ushuru. Tulipewa gari na mgeni aliyekuwa akifanya kazi hapa, mkataba wake umeisha, anarudi kwao. Gari kubwa, la milimani, injini yake inakunywa kweli kweli. Kulikuwa na sherehe ndogo, akakabidhi ufunguo, watoto wakaimba, picha zikapigwa. Kadi ikabaki na jina lake. Hakuna aliyelikumbuka siku ile, kila mtu ana furaha. Tumekuja kushtuka bima inapotaka kukatwa, mwenyewe ameshapanda ndege.

Mafuta yakaanza kula hela ya unga na maharage. Mkuu wa kituo akasema liegeshwe. Kuliuza hatuwezi, si letu kwenye karatasi. Na lina ubaya mwingine ambao sikuutegemea: mfadhili akija kututembelea, kitu cha kwanza anachokiona getini ni gari la kifahari. Mmoja aliuliza waziwazi kama kweli tunahitaji msaada. Kwa sasa kiti cha nyuma tunahifadhi magunia ya mahindi, maana humo panya hawaingii.

Mngetuuliza, tungesema bajaji na hela ya mafuta ya mwaka.

#31 Kiroboto
Ghala lenye viyoyozi 😂😂 Samahani Mwalimu, pole.

#32 Ngwena wa Nakuru
Pole sana Mwalimu. Huku kwetu kuhamisha umiliki kunafanyika mtandaoni, aliyeandikishwa anakubali kwa akaunti yake popote alipo. Mtafuteni huyo mzungu awasaidie karatasi.

#33 Mwalimu wa Usa River
Tumemwandikia. Alijibu kwa upendo mkubwa, katuma picha za wajukuu. Kuhusu kadi hajasema kitu.

#34 Ibnu Mrima
Na bado nikisema "toeni fedha" naonekana mkali. Anayetoa gari anatoa na madeni ya gari. Bima, matairi, oili, dereva. Waqfu wa kweli unaambatana na kitu cha kuuendesha. Mtu akiweka kisima anaweka na shamba la kukitunza.

#35 Mama Twins wa Ohio
Ustadhi hapo umeniweza. Ila ya Mwalimu ni gari la kutumia, ya mleta mada ni gari la kuuza. Tusichanganye.

#36 Bishoo wa Leicester
Huku Uingereza mambo mepesi kidogo. Wanakuja kulichukua, linapelekwa mnadani au kusagwa, na kama wewe ni mlipa kodi kuna Gift Aid: serikali inaliongezea shirika pensi 25 kwa kila pauni ya mauzo. Wewe kazi yako kuwajulisha DVLA, idara ya magari ya huku, kwamba gari si lako tena. Halafu mbona hiyo 350 taslimu inaninukia? Kwetu yadi ya chuma chakavu kukulipa noti mkononi ni marufuku tangu Desemba 2012, kwa sababu ya wizi wa nyaya na chuma.

#37 Chuma Ulete
Dallas si Leicester mkuu. Huku noti bado ni noti.

#38 Kizee cha Temeke
MlaMihogo, utoe, uuze, ulitupe, chonde chonde tuma taarifa ya kuhamisha gari kwa idara yenu ya magari. Mdogo wangu yuko hapo hapo Dallas, alimwachia mtu gari kienyeji. Bili za barabara za kulipia zikawa zinaingia kwa jina lake, mtu anapita kila siku kama barabara ya babu yake. Mpaka leo wanamfuata.

#39 Dereva wa Brekidauni
Hili la Kizee liandikwe kwa wino mwekundu. Na pleti inategemea jimbo. California zinabaki na gari, New York unazifungua na kuzirudisha. Uliza kabla mtu kama mimi hajafika, maana nikifika siwezi kukusubiri utafute bisibisi.

#40 MlaMihogo
Asanteni wakuu, nimejifunza mengi. Swali moja tu. Kuna fundi kaniambia nikate masega (kile kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi) niyauze peke yake, halafu gari lililobaki ndiyo nilitoe kwa hisani. Imekaaje hii?

#41 Ibnu Mrima
Nyama umekula wewe, mfupa umpelekee yatima.

#42 Dereva wa Brekidauni
Usithubutu. Kitu cha kwanza tunachochungulia chini ni hicho. Likikosa masega linaandikwa, na linauzwa bei ya kutupa. Na Texas tangu 2023 wamekaza sheria za masega yaliyokatwa, kwa sababu ya wezi. Ukienda nayo mkononi utaulizwa umeyatoa wapi na karatasi za gari. Ile yadi ya 350 wanajua wanachokifanya: humo ndani kuna platini, paladiamu na rodiamu. Hebu niambie, ni ya kiwandani au yalishabadilishwa?

#43 MlaMihogo
Nililinunua mtumba. Sijui.

#44 Dereva wa Brekidauni
Ingia chini upige picha ya namba zilizogongwa kwenye bati. Ya kubadilishia hayana bei. Yakiwa ya kiwandani, hiyo 350 usiikubali.

#45 Kiroboto
Asiingie chini ya gari lenye tairi lililolala bila kuweka stendi, tusije tukachangishana humu.

#46 Chuma Ulete
MlaMihogo njoo inbox. Niko Garland hapa, jirani yako. Natoa 400 leo jioni, nakuja na brekidauni yangu.

#47 Mama Twins wa Ohio
HEEE! Kumbe siku zote hizi ulikuwa unapiga kampeni!

#48 Chuma Ulete
Biashara ni biashara dada. Mleta mada, pleti nitakusaidia kufungua.

#49 Dereva wa Brekidauni
MlaMihogo, picha kwanza.